Tangu Kibao cha Namba Hadi Darasa la Picha



Kamati ya Jamii ilipotuomba sisi walimu tuandike historia ya darasa la picha kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, wapo waliouliza kama darasa lenye simu nne na kamera mbili lina historia ya kuandikwa. Tunaona linayo, tena ni ndefu kuliko umri wa darasa lenyewe. Hakuna familia katika kambi hii ambayo haikupigwa picha siku za mwanzo za kuandikishwa. Wengi wetu tulijua kamera kabla ya kujua mahali pa kuchota maji.

Wale waliovuka mwaka 1996, waliofuata mwaka 1998 na wale wa mwaka 2004 wanasimulia jambo lile lile kwa maneno tofauti. Unaitwa jina, unasimama mbele ya shitingi pamoja na watu wako wote mmebanana, mtu mmoja anashika kibao chenye namba iliyoandikwa kwa chaki, mwanga unamulika machoni, na mara unasikia, "Wengine waje!" Hatuandiki haya kwa kulaumu. Pasipo kuandikishwa hakuna kadi ya chakula, na pasipo kadi hakuna maharage. Lakini hapana budi kusema kwamba picha ile haikuwa yetu. Ilipigwa ili wengine watutambue, ikawekwa katika faili, na wengi wetu hatukuiona tena. Darasa letu lilizaliwa kutokana na haja ya kupata picha za namna nyingine.

Sisi watu wa Kongo tuna habari ya zamani na chombo hiki. Kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera nyepesi ya mkononi mwaka 1888, na mwaka 1900 ikatoa ile iliyoitwa Brownie kwa bei ya dola 1, hata mtu asiye fundi akaweza kupiga picha. Miongoni mwa waliofika kwetu na kamera ni mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris, aliyeingia Kongo mwaka 1898, wakati nchi nzima ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tarehe 14 Mei 1904, katika misheni ya Baringa, alifikiwa na mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemuua mtoto wake wa kike, Boali, mwenye umri wa miaka 5, na Nsala alibeba mkono na mguu wa mtoto vilivyosalia. Bibi Harris alimketisha barazani akampiga picha. Picha hiyo na nyingine za namna hiyo zilionyeshwa kwa taa ya picha katika kumbi za Uingereza na Marekani, na zilisaidia sana kuwaamsha watu hadi Leopold akalazimika kuiachia nchi mikononi mwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908.

Wanafunzi wetu tunawafundisha kuitazama habari hiyo kwa pande zote. Upande mmoja ni huu: hadi leo tunalijua jina la Nsala, jina la kijiji chake na la mtoto wake, kwa sababu mpiga picha aliuliza na akaandika. Upande wa pili ni kwamba kamera ilikuwa mikononi mwa mgeni, na picha zilionyeshwa mbali, mbele ya watu ambao Nsala hakuwaona kamwe.

Hata hivyo si kweli kwamba Waafrika wote wa siku zile walikuwa wa kupigwa picha tu. Huko Boma aliishi Herzekiah Andrew Shanu, aliyezaliwa karibu na Lagos mwaka 1858 na kufika Kongo mwaka 1884. Aliitumikia serikali ya Leopold, baadaye akawa mfanyabiashara na mpiga picha anayeheshimiwa. Alipoanza kuwapelekea watetezi wa haki huko Uingereza habari za ukatili wa serikali, alifichuliwa. Maofisa waliamriwa wasinunue tena kwake, biashara yake ikafa, na mwaka 1905 akajiua. Tunaposema kazi ya picha ina gharama yake, tunamkumbuka yeye.

Katika miaka ya baba zetu ufundi huu haukufundishwa darasani. Mtu alikaa miaka karibu na fundi wa studio, akifagia, akibeba taa, akikoroga dawa, hata siku moja akaachiwa kubonyeza. Wengine walijifunza peke yao. Jean Depara, aliyezaliwa Angola na kusifika sana kwa picha zake za starehe za Kinshasa, alianza na kamera ndogo aliyoinunua wakati wa harusi yake. Vijijini kwetu fundi alikuja na baiskeli siku ya soko, akatundika pazia lenye picha ya bustani au ndege, na watu wakasimama mbele yake wamevaa nguo za kuazima. Zile picha tulizokimbia nazo, tulizozificha ndani ya Biblia na kwenye mifuko ya unga, nyingi ni za mafundi hao.

Hapa tuseme neno moja kuhusu nyuso katika picha hizo. Vijana huuliza kwa nini babu anaonekana kama kivuli chenye meno. Si kosa la babu, na mara nyingi si kosa la fundi pia. Filamu za rangi zilizotengenezwa Marekani zilipimwa kwa kadi iliyokuwa na picha ya mwanamke mzungu. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley, na zilitumika kwa miaka mingi tangu miaka ya 1950 kabla watengenezaji hawajaweka watu wa rangi mbalimbali. Babu alipigwa picha kwa filamu ambayo haikumfikiria.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo shina la mafunzo ya picha kambini. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda na baada yake, watu kwa mamia ya maelfu walivuka mipaka, na watoto zaidi ya 100,000 walitengana na wazazi wao. Mtoto mkubwa aliweza kutaja jina, kilima na shule. Lakini mtoto wa miaka miwili akiulizwa mama yake anaitwaje, husema anaitwa Mama. Ndipo UNICEF, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wakaanza kuwapiga picha watoto hao mmoja mmoja, kila picha na namba yake. Picha zilibandikwa kwenye mbao na kutiwa katika albamu zilizopelekwa mahali penye watu wengi, ili mzazi apite akitazama uso baada ya uso.

Wazee wawili wa kambi yetu waliwahi kufanya kazi ya kubeba albamu hizo. Mmoja wao, ambaye sasa haoni vizuri, alikuja darasani akatuambia jambo ambalo hatujalisahau. Alisema mama hupita haraka haraka, kwa sababu anaogopa kumkosa mtoto na anaogopa pia kumwona. Kama uso umetikisika, au umepigwa juani hata macho yamekuwa mashimo mawili meusi, mama anapita. Picha iko, mtoto yuko, na mama amepita.

Kwa sababu hiyo somo la kwanza katika darasa letu si uzuri wa mandhari. Ni uso wa mtu mmoja. Mpiga picha anapiga magoti ili kamera iwe sawa na macho ya mtoto, si juu yake kama polisi. Mtoto anasimama kivulini, uso umeelekea upande wa mwanga, kofia imeondolewa. Nguo aliyokuja nayo asibadilishwe, maana huenda kitambaa kikajulikana kabla ya uso. Kovu lisifichwe. Mkono wa mpiga picha ubane mbavuni, pumzi ishikwe, ndipo abonyeze. Kisha apige mara ya pili hata kama anaona ya kwanza imefaa. Mwanafunzi asiyeweza kupiga uso namna hiyo hapandi kwenda somo la pili, hata akilia.

Desturi ya kuwapa watu wenyewe kamera ilikuwa imeanza kwingine. Mmarekani Wendy Ewald aliwafundisha watoto wa vijiji vya milimani Kentucky tangu miaka ya 1970, wakapiga picha za nyumba zao na hata za ndoto zao; njia yake ya kufundisha kusoma na kuandika kwa kutumia picha ilifika Arusha mwaka 2008 kwa mafunzo ya walimu, jambo linalotugusa sisi wenye chaki. Huko Yunnan, nchini China, kuanzia mwaka 1992, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwagawia kamera wanawake 62 wa vijijini ili waonyeshe wenyewe shida za maisha na afya zao kwa wakubwa.

Lakini jirani yetu wa karibu ni Gisenyi. Mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek alianza kuwafundisha kupiga picha watoto wa kituo cha Imbabazi, kilichoanzishwa na Bibi Rosamond Carr mwaka 1994 kwa ajili ya watoto waliopoteza wazazi. Walitumia kamera za karatasi ngumu, zile za kutumia mara moja. Tunachokipenda zaidi katika habari hiyo ni kitu kidogo: filamu zilisafishwa pale pale, picha zikabandikwa kwenye kuta za kituo, na watoto wakazitia katika albamu zao. Mwaka 2001 zilionyeshwa Kigali, na mapato yakaenda kwenye masomo ya watoto.

Tunakipenda kitu hicho kwa sababu kwetu haikuwa hivyo. Mwaka 2006 kundi la wageni lilikuja kambini na kamera za namna hiyo hiyo, kila moja ya picha 27. Baadhi yetu tunaoandika haya tulikuwa wanafunzi katika warsha ile. Kwa wiki mbili tulifurahi sana. Tulifundishwa kutopiga dhidi ya jua, kuhesabu picha zilizobaki na kutotia kidole mbele ya lenzi. Siku ya mwisho kamera zilikusanywa kwenye sanduku, tukaahidiwa kwamba picha zitarudi baada ya mwezi mmoja. Hazikurudi. Miaka mitatu baadaye mfanyakazi mmoja, kwa nia njema kabisa, alituonyesha kijitabu cha kuombea fedha. Ndani yake tulimwona mtoto wa kijiji chetu, picha iliyopigwa na mwenzetu wa darasa la sita. Chini yake waliandika kwamba mtoto huyo ni yatima. Tulijua picha ile ilivyokuwa, maana mpigaji alikuwa ameieleza mara mia: mama alikuwa amesimama kando ya mtoto, amecheka. Katika kijitabu mama alikuwa amekatwa. Vilibaki vidole vyake vinne begani mwa mtoto.

Mama yule angali hai na anakaa nasi. Hakuwahi kudai chochote. Aliuliza tu, "Mwalimu, sasa mimi walinizika wapi?"

Tulipofungua darasa letu wenyewe mwaka 2017, katika chumba cha akiba cha shule, tulianza bila kamera hata moja. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukatoboa tundu dogo kama la kupitisha penseli katika shitingi iliyoelekea bombani, tukawaambia wanafunzi wakae kimya hadi macho yazoee giza. Kidogo kidogo ukutani wakatokea akina mama wa foleni ya maji, wenye rangi zao zote, wakitembea kichwa chini na ndoo zikining'inia kuelekea mbinguni. Watoto walipiga kelele hata mlinzi akaja. Kamera yoyote, iwe ya zamani au ya simu, ni chumba hicho hicho kilichofanywa kidogo, na mwanafunzi aliyekaa ndani yake haogopi tena mashine.

Baadaye tulipata simu mbili, halafu nyingine mbili, na kamera mbili zilizokwisha kutumika. Kosa lililotusumbua mwaka mzima lilikuwa la shitingi. Kila uso uliopigwa mbele ya shitingi nyeupe ulitoka mweusi usiojulikana. Kamera haijui kwamba inatazama mtu; hupima wastani wa mwanga ulio mbele yake. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso huzama. Dawa yake haina gharama. Mwondoe mtu kwenye shitingi, msimamishe mbele ya ukuta wa udongo au kwenye kizingiti cha mlango, uso ukielekea nje. Kwa simu nyingi unaweza pia kugusa uso kwenye kioo ili simu ipime mwanga pale, si kwenye shitingi. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika wanaopiga picha za vitambulisho wajaribu jambo hili, maana wapo wazee waliorudishwa dirishani kwa sababu ofisa hakuona kama picha ni yao.

Somo la kuhariri tunalianzia kwenye karatasi, si kwenye simu. Wanafunzi wanapewa vipande viwili vya katoni vilivyokatwa kama pembe ya mlango, wanavisogeza juu ya picha hadi mtu mmoja, kisha mwingine, anapotea. Halafu tunawauliza: picha imesema nini sasa ambacho haikusema kwanza? Tunawapa ile habari ya vidole vinne. Baada ya hapo ndipo wanapofundishwa kwenye simu kuongeza mwanga katika kivuli, kunyoosha picha iliyopinda, kupunguza rangi ya bluu ambayo shitingi za bluu humwagia watu usoni. Picha ya kwanza haifutwi. Inayohaririwa ni nakala.

Yapo mambo tuliyoyakataa, na yametuletea maneno. Kijana mmoja alitutaka tumbadilishie tarehe katika picha ya karatasi yake. Mwingine alitaka aongezwe kando ya familia ambayo si yake. Tunaelewa vizuri njaa ya safari ilivyo, lakini karatasi moja ya uongo ikikamatwa, kambi nzima inatiliwa shaka, na anayesubiri kwa haki ndiye anayeumia. Aidha, wako kati yetu ambao watu waliowakimbia bado wanawatafuta. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa, na ikishaingia kwenye intaneti hairudi. Kwa hiyo mwanafunzi huzima kwanza alama ya mahali, humwuliza mtu kabla ya kumpiga, na humwonyesha picha baada ya kumpiga. Akisema ifutwe, inafutwa mbele yake. Wageni wengine wanaona sheria hii inachelewesha kazi. Inachelewesha kweli.

Wapo wakimbizi wengine waliofundishwa namna hii, tena katika hali ngumu kuliko yetu. Mwaka 2013 mpiga picha Reza, mzaliwa wa Iran, alifungua darasa kwa watoto wa Siria katika kambi ya Kawergosk huko Kurdistan ya Iraki. Asubuhi moja ya baridi kali mwanafunzi wa kike alichelewa, na mwalimu akamkaripia. Mtoto akamwonyesha picha aliyoipiga asubuhi ile: viatu vyake vimeganda kwa barafu. Alikuwa akisubiri viyeyuke ili avivae. Picha hiyo imeonekana katika nchi nyingi. Sisi walimu tuliposoma habari hii tulitazamana, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kumkaripia mtoto aliyechelewa bila kumwuliza viatu viko wapi.

Hadi sasa kazi iliyoleta watu wengi darasani si ile tuliyoitegemea. Ni kunakili picha za zamani. Ilianza kwa bibi mmoja aliyeleta picha ya marehemu mume wake, iliyolowa wakati wa kuvuka mto na kukaukia kwenye karatasi ya gazeti, hata kichwa cha habari kikaonekana shavuni pake. Wanafunzi wawili walifanya kazi siku nne kwa simu, wakilipunguza wino taratibu. Shavu la kushoto halikupona, nasi hatukulichora upya, maana hatukumjua mzee yule tukiwa na macho yetu. Bibi aliitazama muda mrefu. Akasema sikio ndilo lake.

Tangu hapo tumenakili picha nyingi, na hapa ndipo tunapohitaji uamuzi wa Kamati. Nakala zote zimo ndani ya kadi mbili ndogo za kumbukumbu zilizowekwa katika kopo la maziwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kadi zikiharibika, au chumba kikivuja kama kilivyovuja masika iliyopita, zitapotea mara ya pili. Tumeomba nakala ya tatu iwekwe katika kompyuta ya kituo cha vijana, chini ya ufunguo wa watu wawili, mmoja wa Kamati na mmoja wa akina mama. Tumeomba pia iandikwe kwamba mgeni yeyote anayetaka kuendesha warsha ya picha hapa aache nakala ya kila picha kabla gari lake halijaondoka. Maombi yote mawili bado hayajajibiwa.

Wenye picha za zamani wazilete siku ya Alhamisi alasiri, chumba cha akiba, kabla ya mvua kuanza. Picha iliyogandamana na kioo isibanduliwe. Ileteni na fremu yake, tutaipiga kupitia kioo hicho hicho, kivulini na bila flashi. Picha isioshwe kwa sabuni. Na tafadhali mje na mtu anayewajua waliomo, hata kama ni mzee wa kubebwa, kwa sababu majina tunayaandika siku hiyo hiyo.